Nyayo za Kwenda Tu

Kampuni yetu ilikuwa watu watatu na chumba kimoja mtaa wa Al Garhoud, huku Uarabuni, juu ya duka la dobi. Madam, ambaye wazee wake ni wa Unguja, alipima tope na kutambua ndege wa kwenye mikoko, ili wajenzi wajue pa kuacha bila kujenga. Dereva wetu, Mtanzania, alimpeleka. Mimi, niliyeishia kidato cha nne na Mkenya wa pekee anayechoka akiwa amekaa, nilichemsha chai na kuosha mabuti.

Madam alikuwa na sheria zake. Ukiingia topeni, unatoka kinyumenyume, ukikanyaga nyayo zako zilezile, usije ukaponda mashimo ya kaa. Kwa hiyo nyayo zetu zote zilionekana za kwenda tu. Na ukipigiwa mluzi, unajibu mara mbili.

Asubuhi moja ya Januari ukungu ulifunika hori, ule mkono wa bahari wenye mikoko, mpaka maghorofa yakapotea. Madam aliingia peke yake. Sisi tukabaki garini na hita. Maji yakaanza kujaa. Dereva akapiga mluzi. Kimya.

"Nenda, mwanariadha," akaniambia. "Wakenya si mnakimbia?"

"Wale ni wa milimani. Sisi wengine tunawatazama kwenye TV."

"Goti langu bovu, unajua. Nenda bwana, atazama huyo!"

Akapiga tena. Safari hii akajibiwa mara mbili, mbali, upande wa maji.

Nikaenda, nikitia mguu katika kila alama ya buti lake. Akizama, nikawaza, na visa yangu imezama. Halafu nikakumbuka ndiye aliyeniuliza kila Ijumaa kama nimempigia mama simu, nikaongeza mwendo. Flamingo walisimama ukunguni bila kugeuza shingo. Mluzi tena, mbele yangu.

Kisha nyayo zikaisha. Mbele tope laini, safi, kana kwamba kitu kilimnyanyua. Maji yakaniingia kiatuni.

"Wafanya nini huko?"

Madam alikuwa nyuma yangu, juu ya mizizi ya mikoko. Alikuwa amerudi kwa nyayo zake, akachepukia kwenye mizizi kukwepa maji. Mimi nikapita pale alipochepukia bila kujua. Nusura nife kwa utiifu.

"Nafuata mluzi wako, madam."

"Mluzi gani? Mikono yote ina chupa za tope, na kamba ya kupimia nimeiuma kwa meno tangu niingie, nimeitema sasa tu kukuita. Nilimsikia dereva, sikuweza kumjibu."

Mluzi ukaja tena, mara mbili, kutoka majini. Kwa mazoea nikakunja midomo.

"Usiitikie."

"Ni ndege gani?"

Mwanamke anayetambua ndege hata akikohoa alitikisa kichwa, akashuka mizizini.

"Khalas, basi, yaache mashimo," akasema. "Geuka. Kimbia."

Tukakimbia, tukiponda mashimo ya kaa wote wa hori lile, mpaka garini.

"Loo, kumbe Mkenya kweli!" Dereva alicheka, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akageukia ukungu. "Lakini nyie si mko hapa? Huko mbona bado wananijibu?"