Leseni ya Watu Watano

Tulinagwe alianza kuandika programu ya kompyuta peke yake, katika ofisi ya Mzee Bashiri, wakala wa forodha hapa Tunduma. Iliorodhesha malori yanayosubiri kuvukia Zambia, pamoja na nyaraka na uzito wa kila mzigo. Walipoajiriwa wenzake watatu, kazi ikahamishiwa kwenye mtandao wa kulipia, ambako kila mmoja aliandika na kuona alichoandika mwenzake. Leseni ilikuwa ya watu watano: wao wanne, na Mzee Bashiri mwenyewe.

Mwaka 2013 Tulinagwe akaenda kwao Ileje kujifungua. Aliporudi, alikuta nafasi yake kwenye leseni amepewa Raudha, binti aliyetoka chuo Dar es Salaam.

"Wewe kwa sasa utasoma tu, huandiki," Mzee Bashiri alimwambia. "Leseni ikiisha Desemba, tutaongeza."

Kusoma tu! Kila asubuhi alitazama mistari yake ya programu ikifutwa, pembeni pameandikwa Raudha. Wenzake waliposema, "Huyu binti ana mkono mwepesi," alijifanya hasikii. Hata shikamoo ya Raudha aliijibu akiangalia ukutani.

Siku moja Raudha alitoka kwenda kuswali adhuhuri, kompyuta akaiacha wazi. Tulinagwe akakaa kwenye kiti chake. Alitaka kuharibu kidogo tu, Raudha aonekane hajui kazi. Lakini kwenye hesabu za uzito akakuta kosa la kweli: tani za tela hazikuwa zikijumlishwa. Hakuhitaji kuharibu chochote. Angeinuka tu, malori yangekwama kwenye mizani na lawama zingemfuata Raudha.

Akalisahihisha, huku machozi ya hasira yakimtoka.

Jioni Mzee Bashiri aliona sahihisho la saa ya adhuhuri lenye jina la Raudha, akamsifu mbele ya wote.

"Siyo mimi, mzee," Raudha alisema. "Saa hiyo nilikuwa msikitini."

"Ni mimi," Tulinagwe akasema. "Na sikukaa pale kwa nia njema."

Raudha akamgeukia bosi. "Mzee, nafasi yako ya leseni uliitumia lini mara ya mwisho?"

Mzee Bashiri hakuwahi kuifungua hata siku moja. Alimkemea Tulinagwe vikali, kisha akampa nafasi ile.

Wivu haukuisha. Miezi mingi Tulinagwe aliendelea kuipekua mistari ya Raudha akitafuta makosa, na alipoyapata alimwita waziwazi, "Mdogo wangu, njoo uone." Raudha alikuja kila mara, naye akaanza kuyatafuta ya Tulinagwe.