Mawe Ambayo Hayajaona Moto

Mume wangu alikuwa mhunzi wa kuyeyusha chuma, na mke wa mhunzi huolewa nusu. Tangu tanuri linapowashwa mpaka chuma kinapotoka, mwanamume halali na mkewe wala hali chakula cha mkono wake. Akivunja mwiko, chuma kinaharibika. Nililalamika, maana mdomo ninao, lakini kila mara chuma kilitoka, naye akarudi ananuka moshi, akazishambulia ndizi zangu kama mtu aliyetoka vitani.

Kisha yakaja majembe ya dukani. Mwenye duka pale Nkwenda, mzee Mwislamu ambaye kwao ni pwani, aliyaleta kwa wapagazi. Yalikuwa mepesi, yanang'aa, na watu wakayapenda. Tanuri letu likaota nyasi. Mume wangu akawa anazungukazunguka migombani hana la kufanya, na mwanamume asiye na kazi, jamani, anachosha nyumba nzima.

Ndipo akafika Mzungu mmoja, Mdachi, anayetafuta mawe yenye madini. Alitaka watu wanaoijua milima ya Kyerwa, na nani anaijua kama wahunzi? Wakaenda wote, kila mtu na kipande chake cha jiwe cha kuonyesha. Wangu akachukuliwa. Nilipiga vigelegele! Nikadhani shida imekwisha.

Lo! Ndiyo kwanza ilianza. Akiruhusiwa kuja nyumbani anakaa mlangoni, anajichomea ndizi mwenyewe.

"Wewe," nikamwambia, "hilo tanuri liko wapi?"

"Mawe tumeshachimba, mke wangu. Bado hayajaona moto. Mwiko ni uleule."

Basi nikaungoja huo moto. Mzungu hakuuwasha. Aligonga miamba, akatia vipande mifukoni, akafunga, akagonga tena. Mvua zikanyesha, zikakatika. Mvumilivu hula mbivu, wanasema; zangu ziliozea mgombani. Wenzangu walikuwa wanabeba watoto mgongoni, mimi nabeba kuni. Nilitaka mtoto, na nilimtaka mume wangu, nasema wazi. Nilikuwa mpweke kuliko mjane, kwa sababu mjane watu humpa pole.

Siku moja Mzungu akafunga mizigo yake, akaondoka. Nikatandaza nyasi mpya ndani, nikajipaka samli. Mume wangu akaja, akasimama mlangoni.

"Mawe yamekwenda Ulaya," akasema. "Watayayeyusha huko. Tungoje habari."

Asubuhi nikashika njia mpaka dukani.

"Shikamoo, mzee. Mawe ya Mzungu huyeyushwa lini?"

Alianza kucheka, kisha akanitazama usoni, akaacha. "Marahaba, binti yangu. Mawe yale huangaliwa tu. Yakionekana hayana kitu, hutupwa."

Hutupwa! Yaani mimi nizeeke nikingoja jiwe lililotupwa? Nilirudi nyumbani mbio kwa hasira. Mume wangu alikuwa ameficha jiwe moja kwenye nyasi za paa, zito, jeusi, alilolipata mwenyewe. Alikuwa akiniambia kwamba Mzungu akirudi, jiwe hilo litawapa kazi wahunzi wote. Nikalichomoa. Nikalitia jikoni kwangu, katikati ya kuni zangu, chini ya chungu changu cha ndizi, nikachochea.

Jioni akaingia, akaliona. Sikukimbia.

"Haya," nikamwambia, "limeona moto. Tena wa mwanamke."

Nilijua atanipiga. Hakunipiga. Alilivuta kwa kijiti, akalimwagia maji, likapasuka. Akaokota vipande, akavigeuzageuza, akavinusa kama alivyokuwa akivinusa vya tanurini. Kisha akavirudisha majivuni na kuketi karibu na jiko, mahali ambapo hakuwa ameketi tangu Mzungu afike.

"Halina kitu," akasema. "Nipe chakula."

Nikampakulia. Akala, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta. Siku hiyo nilikuwa nimeingoja mno, na nilipokaa kando yake sikuweza kumeza hata tonge moja.