Pikipiki Haina Shingo

Shule niliishia darasa la tatu, lakini kufungua plagi ya pikipiki, kuisugua kwa msasa na kuirudisha sihitaji cheti. Nayasema haya mapema, anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu kiliingia: mitumba, redio, na pikipiki zilizochoshwa na wenzetu huko ng'ambo. Moja niliinunua mimi, kwa kabichi nilizoteremsha kichwani kutoka milimani miaka na miaka. Watu wa mtaani kwangu Mafiga walidhani nimemnunulia mwanaume. Mwanaume yupi?

Binti yangu aliolewa Songea, akajifungua mtoto wa kike. Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo mtoto yule alikuwa wetu, na jina lake lilikuwa kwetu. Wakwe wakatuma salamu: tunangoja mpaka arobaini. Asipofika mtu wenu, tunampa jina la huku.

Nikaanza kujiandaa. Nikabadilisha oili, nikakaza mnyororo, nikanunua tyubu ya akiba, viraka, gundi na pampu. Sokoni nikapata koti la mitumba zito kama godoro, na helmeti kuukuu niliyoishonea kamba mpya.

Kaka yangu, mkubwa wa ukoo, akashuka mlimani kunizuia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Panda basi kama watu."

"Basi lina mwenyewe. Hii ni yangu."

"Na suruali hiyo?"

"Ipo chini ya kitenge. Umeiona kwa kuwa umeitafuta."

Majirani wakacheka, na hilo ndilo lililomuuma. Akasema mbele yao: "Ukianguka kabla ya kufika Mzumbe, ufunguo unanipa, na Songea nakwenda mimi nikipata nafasi." Nafasi ya kaka yangu naijua. Hata kwenda kumwona mama akiumwa hakuipata. Nikamwambia sawa.

Siku ya kujaribu nilifunga mzigo kama nilivyofundishwa na mama kubeba kichwani: vizito vyote juu. Gunia la maharage, juu yake vyombo vya chuma, juu kabisa dumu la petroli. Mzigo ukikaa juu, mwanamke wa mlimani hata kwenye utelezi hayumbi. Nikawasha. Sikufika hata mwisho wa mtaa. Kona ya kwanza pikipiki ikalala ubavu, na mimi juu ya maharage.

"Hiyo ni Mzumbe?" kaka akauliza.

"Hii ni kujaribu! Safari ni kesho."

Nikaisukuma hadi kwa fundi, mzee mmoja mtu wa Gairo. Akautazama mzigo, akatikisa kichwa.

"Mama, wewe ukiyumba shingo inarekebisha. Pikipiki haina shingo. Kwetu tunapakia punda: vizito chini, huku na huku."

Roho iliniuma kufundishwa kubeba na mtu wa tambarare, mimi niliyebeba tangu sijaota meno ya pili. Lakini nilikaa chini, nikakata magunia mawili, nikayashona kwa sindano ya magunia yaning'inie pande zote mbili. Maharage kushoto, vyuma na dumu kulia. Nikakaza kwa mipira ya tyubu mpaka vidole vikachubuka. Juu nikaacha kanga moja tu, ya kumfunga mtoto.

Asubuhi kaka alinitangulia kwa lori. Nilimkuta Mzumbe kando ya barabara, mkono mmoja keshaunyoosha kupokea ufunguo. Nikapiga honi. Sikupunguza hata mwendo. Kwenye kioo nilimwona anakula vumbi langu, mkono bado uko hewani.

Nilifika Songea siku tatu kabla ya arobaini, matako yamekufa ganzi, uso mwekundu kwa vumbi. Mama mkwe wa binti yangu akauliza dereva wangu yuko wapi. Nikamwambia, nipe mtoto kwanza. Nikamfunga kifuani kwa ile kanga, nikamwinamia sikioni, nikamwita jina la mama yangu.

Ndilo analoitikia mpaka leo.