Franga Zilizokuwa Zichomwe

Kabeji za Butembo zinapendwa sana Beni, kwa sababu kule chini kuna joto na kabeji haifungi vizuri. Kwa hiyo, miaka ile ya vita, mimi na mulamu wangu, dada wa mume wangu, tulishuka Beni karibu kila juma juu ya lori, tumekalia magunia yetu wenyewe, na kurudi na mafuta ya mawese. Mulamu alikuwa mwimbaji wa kwaya parokiani. Aliimba njia nzima, na dereva akampunguzia nauli, maana alisema bila yeye angesinzia kwenye usukani.

Siku moja mpishi wa kambi ya askari alinunua mzigo wetu wote kabla haujashushwa. Alitulipa noti mpya, bado zinanukia wino. Alizitoa wapi, hatukuuliza. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, tukaona afadhali kurudi na franga zetu. Nilizifunga kiunoni chini ya kitenge.

Kumbe noti za namna ile zilikuwa zimekatazwa upande wetu. Nchi ilikuwa imegawanyika, na wakubwa waliotutawala walisema zimechapwa Kinshasa, ni za upande mwingine. Ilitangazwa redioni, lakini redio yetu haikuwa na betri. Kwenye bariyeri ya kuingia Butembo, polisi wa kike alinipapasa, akazikuta, akampa mkubwa wake.

"Mama, hii ni franga ya adui," mkubwa yule akasema.

"Adui gani?" mulamu akamuuliza kutoka juu ya lori. "Adui anakulaka kabeji?"

Watu walicheka, na mkubwa yule pia alicheka. Lakini franga hakuziachia. Alisema tuende kesho kwenye biro ya quartier, ofisi ya mtaa wetu, ndiko zitakakopelekwa.

Usiku ule mimi nililia. Mume wangu alikuwa mwalimu, na mshahara wake serikali iliusahau zamani, kwa hiyo biashara ile ya kabeji ndiyo iliyotulisha. Mulamu hakulia. Alipiga pasi kitenge chake cha Pasaka.

Chef wa quartier, kiongozi wa mtaa, alikuwa mtu mwembamba, mwenye tai shingoni na kandambili miguuni. Alitupokea kwa adabu sana.

"Bamama, franga yenye polisi anakamata iko na njia yake," akatueleza. "Sehemu inabakia kwa polisi, sehemu inapanda kwa bakubwa, sehemu inafanya kazi ya quartier. Lakini hii yenu imekatazwa. Hii tutaichoma."

"Mutachoma lini?" mulamu akauliza.

"Commission ya kuchoma ikishakutana."

"Muzuri. Mutuite. Tunataka kuona moshi."

Tangu siku ile, kila tuliporudi kutoka Beni, tulipitia pale biro kumsalimia. Mulamu alisimama mlangoni na kuuliza, "Chef, moto ni leo?" Chef alijibu kwamba commission haijakutana. Mara nyingine alituona tukija akatorokea mlango wa nyuma, na kandambili zake tukazisikia zikikimbia. Mimi nilikuwa nimekata tamaa, lakini ninakiri safari zile zilinifurahisha. Hata polisi wa zamu alianza kutungojea ili acheke.

Halafu asubuhi moja tulifika soko letu la jirani, soko la wazi ambalo mvua ilitulowesha miaka yote, tukakuta mafundi wamepanda juu wanapigilia mabati mapya. Yalikuwa yanang'aa mpaka macho yanauma. Mulamu akamuuliza fundi nani ameyanunua. Fundi akajibu bila wasiwasi, "Ni chef. Kwa franga ile polisi ilikamata."

Mulamu aliweka gunia chini. Alienda moja kwa moja mpaka biro, na mimi nyuma yake, na nyuma yangu wauza nyanya, wauza samaki wakavu na karibu soko lote. Safari hii chef hakuwahi mlango wa nyuma.

"Chef," mulamu akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya kwaya, "moshi yetu imekuwa mabati?"

Chef akalegeza tai, akamsogezea kiti. "Mama, ikala kwanza."

"Hapana. Niambie: franga ya mubaya inaleta namna gani mabati ya muzuri?"

Watu wakapiga vigelegele. Chef alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka mwenyewe. Kisha akasema kweli.

"Ningezichoma, ningechoma bure. Commerçant moja, mwenye duka ya mabati, alizikubali, yeye iko na njia ya kuzipeleka upande ingine. Na nyinyi munalowanaka kila siku. Nikaona afazali mabati."

"Ulifanya muzuri," mulamu akasema. "Lakini ungetuita."

Kumrudishia mtu mabati yaliyokwisha kupigiliwa haiwezekani, kwa hiyo wakapatana palepale mbele ya wote. Sisi wawili tulipewa nafasi ya kwanza chini ya paa, karibu na barabara, bila kulipa taxe ya soko. Na mulamu akaongeza lake: franga yoyote itakayokamatwa tena, itahesabiwa nje, mwenyewe akiwapo, na mama mmoja wa soko akiwa shahidi. Chef alikubali haraka. Nadhani alichoka kukimbia.

Shahidi, bila shaka, akawa mulamu. Mara ya kwanza polisi waliwakamata wacheza karata, wakaleta franga zao. Meza ikatolewa uani, wenyewe wakasimama pembeni, na mulamu akahesabu kwa sauti, noti moja moja, soko zima likisikia. Kabla hajamaliza, wanawake watatu walikuja wanakimbia.

"Ile ni franga ya mboga, ya pondu ya batoto!" mmoja akalia. "Bwana yangu aliniambia banamuibia!"

Chef aliangalia franga, akaangalia wale wanawake, akamwangalia mulamu. Wanawake waliopatikana na haki walirudishiwa zao, na faini ya karata tu ndiyo ikabaki. Yule mama wa pondu alikuja mezani kwetu sokoni, akanunua kabeji mbili kubwa, akazipachika kwapani kila upande, akaondoka kwenda kumtafuta mume wake, aliyeponyoka pale uani alipomwona akija.