Zubeida na Dohani Iliyorudisha Moshi

Zubeida alizaliwa Mwananyamala, nyuma ya duka la baba yake, na alijua kupika halua kabla hajajua kusoma vizuri. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, mikono imejaa makovu ya sukari ya moto. Alimfundisha binti yake kutazama samli inapoanza kujitenga pembeni mwa karai, na kujua kwa uzito wa mwiko tu kwamba halua imeiva. Zubeida alipoolewa na Nasser, muuza vifaa vya ujenzi, wakahamia Madale wakati vilima vile bado ni vichaka vitupu. Sharti lake lilikuwa moja: ajengewe jiko la kuni, la nje, lenye dohani.

"Hata gesi inapika halua," Nasser alimwambia.

"Inapika. Lakini wale wanaonijua mie hawataila."

Nasser akajenga. Jiko lilikuwa la matofali ya kuchoma, na bomba la bati lilitoboa paa likapanda juu. Kutani aliweka matofali ya matundu pande mbili, na mlango ulikuwa wa mbao, wenye mapengo unayoweza kupitisha kidole. Moto ukiwaka, moshi ulivutwa juu moja kwa moja. Miaka na miaka Zubeida alipika mle ndani akatoka nguo zinanukia hiliki na zafarani, macho makavu.

Halafu ugonjwa wa sukari ukamshika Nasser machoni. Duka likafungwa, na halua ndiyo ikawa inaendesha nyumba. Malak, binti yao mkubwa aliyeachika akarudi kwao, akawa anamsaidia mama yake kukoroga. Watu walitoka Boko na Tegeta kuja kuagiza halua za harusi na za Idi.

Msiba wa kwanza uliletwa na wezi. Walibomoa matofali ya matundu, wakapita, wakachukua karai la shaba ambalo Zubeida alirithi kwa baba yake. Alilia kama aliyefiwa. Nasser alikaa kitandani akimsikiliza, na kilichomuuma zaidi ni kwamba usiku ule alikuwa amesikia vishindo uani, akanyamaza kwa sababu haoni vizuri na aliogopa. Wiki hiyo hiyo akamwita fundi. Matundu yote yakazibwa kwa zege, dirisha likawekwa la alumini, na mlango wa mbao ukang'olewa ukawekwa wa chuma, uliokaa kwenye fremu yake kama kifuniko cha chupa.

"Sasa hata mbu hapiti," Nasser akajisifu.

Zubeida akanunua karai jingine, akawasha moto, na moshi ukarudi chini.

Ulitoka mdomoni mwa jiko, ukajaa chumba, ukamfukuza nje akikohoa. Akadhani ni kuni mbichi. Akanunua za mkwaju zilizokauka zikapasuka, moshi ukawa ule ule. Wakamwita Leodegar, fundi bati wa hapo mtaani, akapanda juu na gunia lililofungwa kamba na jiwe, akalipitisha kwenye bomba lote. Masizi yalishuka kidogo tu, hata karai hayakujaza.

"Bomba halijaziba, mama," Leodegar alisema. "Labda upepo. Ile nyumba inaurudisha."

Nyumba aliyoionyesha ilikuwa ghorofa ya jirani yao Revelian, mwalimu mstaafu mwenyeji wa Bukoba, aliyekuwa amemaliza kupaua miezi hiyo hiyo. Ilisimama upande wa juu wa kilima, refu kuliko dohani yao. Nasser alipolisikia hilo, alipata alichokuwa anakitafuta. Leodegar akaliongeza bomba likapita paa la ghorofa, akalivisha kofia mpya. Siku za upepo hali ikawa afadhali. Siku za utulivu moshi ukabaki vile vile. Lakini Nasser alishaamua.

Alikwenda kusimama getini kwa Revelian, akapaza sauti hadi wapita njia wakasimama. "Umenijengea ukuta wa kunipulizia moshi, Mwalimu! Mke wangu anakohoa kwa ajili ya ghorofa lako!"

Revelian alitoka na ndala. "Shikamoo, mzee wangu. Twende basi tukaangalie wote hilo jiko. Kama ni nyumba yangu, tutajua la kufanya."

"Kwangu huingii," Nasser akasema, na tangu siku hiyo hakumwitikia salamu.

Wateja wakaanza kurudisha halua. Mama mmoja wa Boko alisema kwa adabu kwamba imenukia samaki wa kukaushwa. Zubeida aliipokea sinia, akaomba radhi, akaingia chumbani akajifungia.

Lakini yeye ndiye aliyekuwa mle jikoni kila siku, na alikuwa anaangalia. Aliona kwamba Malak akiingia na ndoo ya maji akauacha mlango wazi, moshi unanyooka na kupanda. Mlango ukifungwa, unasita, kisha unarudi. Alijaribu akiwa peke yake, akafungua, akafunga, akafungua tena. Jioni akamwambia mumewe.

"Baba Malak, kosa si la Mwalimu. Moto unataka kuvuta hewa kutoka chini ndipo usukume moshi juu. Zamani ulivuta kwenye matundu. Tumeyaziba."

"Nami nikiyazibua, wezi si watapita tena?"

"Weka nondo. Weka wavu wa chuma. Tundu moja tu, chini pale."

"Zubeida, mie nimeuza saruji na bomba miaka thelathini. Utanifundisha nyumba?"

Zubeida alimjua mumewe. Alijua pia kwamba zege lile, kwa Nasser, ndicho kitu pekee alichokifanya tangu wezi waje. Tangu siku ile akawa anapika mlango wazi, na shida ikapungua, na Nasser akaamini ni bomba refu lililotibu.

Masika ikaingia. Ilikuwa asubuhi ya mvua ya upepo, na walikuwa na halua ya harusi ya kutoa siku hiyo hiyo. Mvua iliingia mlangoni kwa mshazari, ikarukia karai. Zubeida akavuta mlango, upepo ukaufungua tena, akaamua kutia komeo. Kuni zilikuwa zimeshateketea zikabaki makaa mekundu, moto mzuri wa kumalizia halua. Moshi haukuwepo kabisa.

"Leo dohani imeona haya," alimwambia Malak, wakacheka.

Baada ya muda Malak akalalamika kichwa kinamgonga na tumbo linamchafuka. "Hujanywa chai wewe," mama yake alisema. "Nenda kalale kidogo. Mie naimalizia." Malak akatoka, komeo likarudi nyuma yake. Alitapika uani kwenye mvua, akajitupa kitandani.

Nasser alikuwa sebuleni na redio, mabati yakipiga kelele juu. Kilichomfikia ni harufu ya sukari iliyoungua. Katika ndoa yao yote Zubeida hakuwahi kuunguza halua. Alipapasa ukuta hadi uani, akasukuma mlango, ukagoma. Akaita. Akaupiga kwa viganja, akaupiga kwa bega, mlango alioununua mwenyewe kwa sababu haufunguki. Ndipo akapiga kelele ambayo Malak anasema hajawahi kuisikia kwa mtu mzima.

Revelian aliisikia kutoka kibarazani kwake. Alikuja mbio katika mvua na kipande cha nondo, akapita bila kuuliza, akavunja kioo cha dirisha la kando ya mlango, akapitisha mkono na kulifikia komeo. Zubeida alikuwa sakafuni karibu na jiko, mwiko umemlalia kifuani. Walimlaza uani juu ya matope, mvua ikimnyeshea usoni, kwa sababu Revelian alipiga kelele kwamba anachohitaji ni hewa.

Hospitalini walimweka kwenye oksijeni. Daktari aliwaeleza kwamba makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa yanatoa sumu isiyo na moshi wala harufu, na kwamba mtu anaweza kulala nayo bila kujua. Nasser alisikiliza ameinamisha kichwa. Zubeida alizinduka, akawatambua wote, akauliza kama harusi ilipata halua. Alirudi nyumbani kwa miguu yake, na majirani wakaja kushukuru Mungu.

Nasser hakungoja. Aliomba nyundo kubwa kwa Revelian, na Revelian akaja nayo mwenyewe, akawa anamwelekeza, "Kulia kidogo, mzee, hapo hapo," naye akapiga mpaka zege likadondoka na mwanga ukaingia. Alitaka Zubeida akipata nguvu amshike mkono, ampeleke aone, amwambie kwa mdomo wake kwamba ulisema kweli, mke wangu, nami sikusikia.

Aliahirisha siku moja, akaahirisha nyingine. Wiki chache baadaye Zubeida akaanza kutia chumvi kwenye chai. Akapotea njia ya kwenda msalani, ndani ya nyumba yake. Mikono ikakakamaa, uso ukapoa. Daktari akasema sumu ile wakati mwingine hufanya hivyo, mtu hupona, kisha ubongo huanza kufa polepole, na wengine hurudi wakawa sawa, wengine hawarudi. Nasser alimwambia yote aliyotaka kumwambia, amekaa miguuni kwake. Zubeida alimsikiliza kwa upole, kama mtu anayesimuliwa habari za nyumba ya watu wengine.

Sasa Malak ndiye anayepika. Juzi alipata halua nzuri kwa mara ya kwanza, akaleta kisahani sebuleni, baba yake akiwa ameketi karibu. Zubeida alitafuna polepole.

"Nzuri," akasema. "Nani kapika?"

"Mimi, mama."

"Mungu akuweke, mwanangu. Mama yako yupo?"

Nasser ndiye aliyejibu.

"Yupo."

"Mpe salamu zangu," Zubeida akasema, akanyoosha mkono mgumu kuchukua kipande kingine.