Vidonge Vilivyopangiwa Zamu

Mzee Zamu aliamini jambo moja kuliko mambo yote: ukiweka walinzi wawili kwenye lango moja, umeweka usingizi mara mbili. Kila mmoja humtegemea mwenzake, na mwizi huwategemea wote wawili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipanga zamu za walinzi katika kampuni ya maghala, hata jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Ratiba alizichora kwa rula na kalamu mbili, nyekundu ya walio kazini, bluu ya walio mapumzikoni. Nyumbani nako ilikuwepo ratiba ya kuosha vyombo, na kwa bahati ya ajabu zamu yake iliangukia siku anazochelewa kazini.

Basi kifua kikaanza kumbana. Akiwa amekaa hakikuwa na neno; ila akipanda ngazi au akikaza mwendo, alihisi kama mtu amemkalia kifuani, na akisimama dakika chache kikamwachia. Daktari wa kliniki ya moyo, mwanamke wa rika la binti yake, alimpima akamweleza kwamba mishipa inayoulisha moyo imekuwa myembamba. Akampa kidonge kimoja cha kila siku, cha kupunguza kasi ya mapigo. Mwezi uliofuata maumivu yalikuwa yamepungua lakini hayajaisha, akamwongezea cha pili, cha kulegeza mishipa.

"Meza vyote viwili kila siku, mzee wangu," alisema. "Vinasaidiana."

Kusaidiana! Neno hilo Mzee Zamu alikuwa amelisikia kwa kila mlinzi aliyemfuma akikoroma. Alifika nyumbani, akatoa rula. Jumatatu kidonge cha kwanza, Jumanne cha pili, Jumatano cha kwanza tena, na kuendelea hivyo hadi Jumamosi. Jumapili vyote vipumzike, maana hata kidonge kina haki zake. Akaibandika ratiba nyuma ya mlango wa kabati na kulala akiwa ameridhika, kama mtu aliyemsahihisha daktari bila kumwaibisha.

Upuuzi huu ungekuwa wa kuchekwa tu, lau si ngazi. Binti yake wa pekee alikuwa anakaa ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti, na huko alikuwa amemleta duniani mjukuu wa kwanza wa mzee. Mzee aliipinga ndoa ile waziwazi, kwa sababu mkwe alikuwa mpiga picha, kazi ambayo kwa maoni yake haina zamu wala msimamizi. Siku ya harusi yenyewe moyo wake ulilainika, lakini hakumwambia mtu. Sasa mkewe alikuwa akipanda kumwona mtoto, yeye akibaki uani na visingizio: mara viatu vinambana, mara anasubiri simu ya kazini. Siku moja alijikaza hadi ghorofa ya pili, akashika ukuta, akajifanya anasoma tangazo la kukatika maji. Alilisoma robo saa, kisha akashuka.

Binti alikuwa akimwinua mtoto dirishani, naye mzee akipunga kofia kutoka chini. Mkewe alikuwa amekatazwa kusema lolote. Mzee aliona afadhali adhaniwe ana kinyongo kuliko ajulikane ni mgonjwa. Mwenye kinyongo huogopwa, mgonjwa huonewa huruma. Kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko hiyo mishipa yake.

Maumivu yalizidi, wakarudi kliniki, safari hii na mkewe. Daktari alisoma kadi, akatikisa kichwa. "Viwili havitoshi," alisema, akashika kalamu aandike cha tatu. Mzee alikuwa tayari anapiga hesabu ya ratiba mpya.

"Samahani, daktari," mkewe akasema. "Hicho cha tatu kitafanya kazi siku gani?"

"Siku zote, mama."

"Nauliza kwa sababu hivi viwili vinapokezana." Akafungua mkoba, akamkabidhi ratiba aliyoibandua kabatini.

Daktari aliisoma, akafunika mdomo kwa kadi. Kisha kicheko kikafutika usoni mwake.

"Na Jumapili?"

"Vinapumzika," mzee akajibu. "Wawili kwenye lango moja hulala, daktari."

"Hivi haviko lango moja. Kimoja kinaupunguzia moyo kazi, kingine kinapanua njia ya damu. Na hiki cha kwanza hakikatizwi ghafla, mzee wangu. Ukikiacha, moyo unarudi mbio kwa hasira. Ungeweza kufa Jumapili moja." Akaweka kalamu chini. "Na mimi nina kosa. Kila ukija nakuuliza kama dawa unazo. Sijawahi kukuuliza unazimezaje. Wapo wanaotosheka na viwili, wapo wanaohitaji vitatu. Wewe hatujui uko wapi, kwa sababu hujawahi kuvitumia vyote viwili sawasawa."

Cha tatu hakikuandikwa. Kuanzia siku ile mkewe alimsimamia kila asubuhi, glasi ya maji mkononi, hadi ameze vyote viwili na kufungua kinywa akaguliwe. Mzee alilalamika kwamba huko ni kudhalilishwa. Wiki ya sita akagundua amepanda kilima cha sokoni akiendelea kulalamika.

Jumamosi asubuhi alikwenda peke yake kwenye lile jengo. Alipumzika kila ghorofa, si kwa maumivu, bali kwa woga wa maumivu. Hayakuja. Akabisha hodi.

Binti alifungua, mtoto kiunoni. Mtoto akamtazama yule mgeni mwenye kofia, akaanza kulia.

"Baba? Umekuja kumsamehe mume wangu?"

"Nilimsamehe siku ya harusi. Kilichonizuia ni ngazi. Nina ugonjwa wa moyo, mwanangu. Sikutaka ujue."

Binti hakumkaribisha wala hakusogea mlangoni. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Miezi minane, baba. Nilidhani hutaki hata kumgusa, ndiyo maana nilikuwa namwonyesha dirishani." Akamsogeza mtoto kiunoni. "Ungeniambia tu. Ningeshuka naye kila siku."