Picha za Kariakoo Inayoelea

Sikuhadithiwa na mtu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na mke wangu yuko Buguruni hadi leo. Asiyeamini aje amwone.

Mimi ni fundi fremu hapa Kariakoo. Jioni moja ya mvua, adhana ya magharibi ndiyo kwanza inaanza, aliingia dada mmoja na bahasha kubwa kwapani. Nje maji yanamwagika, lakini wallahi hata kandambili zake zilikuwa kavu.

"Mambo, fundi? Nataka uzitie vioo."

Akazitandaza mezani. Zilikuwa picha za kuchapa: Kariakoo yetu hii hii, ila maghorofa yanaelea, na watu wanatembea kichwa chini hewani. Kila moja ina sahihi na namba kwa penseli.

"Nimechapa chache tu," akasema. "Ubao wa kuchapia nimeshauchoma. Hazitatoka tena."

Nikazipitia. Zote zilifanana isipokuwa moja. Humo, kwenye dirisha la juu, mwanamke alikuwa anachungulia, ana kovu kidevuni. Zuhura, mke wangu! Ungekuwa wewe ungefanyaje?

"Dada, huyu mke wangu umemjulia wapi?"

"Mimi simchori mtu, kaka. Wanaingia wenyewe."

Alisema kwa upole, kama anayenipa pole ya msiba. Nikageuka kuwasha taa. Kurudisha macho, hayupo, na imebaki picha ile moja. Mangi wa duka la jirani, aliyekuwa amekaa barazani muda wote, aliniapia kuwa hakuona mtu akiingia wala kutoka.

Nilikimbilia nyumbani. Nilimkuta Zuhura jikoni, wali umeungua, macho yamemtoka. Nikamwita. Hakupepesa hata jicho. Tangu siku hiyo anakula akilishwa, analala akilazwa.

Tumezunguka hospitali, tumesomewa dua, Mangi akamleta hata mchungaji wake. Wapi! Nikaamua kuichoma ile picha. Moto ulipogusa ukingo tu, Zuhura alipiga ukelele, na ngozi ya mkono wake ikatoka malengelenge mbele ya macho yangu. Nikauzima kwa viganja.

Sasa kila asubuhi naiinamia karatasi ile na kumwita kwa jina. Mwanzoni alikuwa dirishani. Siku hizi amerudi nyuma, gizani, naona pindo la kanga tu.

Ndugu yangu, ukiletewa picha kama hizo, usiwatazame waliomo. Mrudishie mwenyewe, ufunge duka. Usije ukamwona wako.